Mawili Matatu ya Mwenyekiti

Mwenyekiti wetu alikuwa na ugonjwa wa kusalimia. Sisemi salamu za mlangoni, za hujambo na habari za kutwa, maana hizo hakuwa na muda nazo. Nasema ile ya kusimama mbele ya watu, kuvuta koti chini, kukohoa kidogo na kuanza, "Nitasema mawili matatu tu." Nimekuwa naye miaka mingi katika jumuiya yetu ya wasema Kiswahili wa Husby, huku Uswidi, Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo na Warundi, na kwa kuwa mimi ndiye mpishi wao, mawili matatu hayo nimeyasikiliza yote nikiwa nyuma ya kidirisha cha jikoni, naangalia pilau ikipoa.

Alisalimia kwenye sherehe ya mtoto aliyetimiza miaka miwili, mpaka mwenye sherehe akalala. Alisalimia kwenye mkutano wa wapangaji uliohusu zamu za chumba cha kufulia, akawapa Wasomali na Waswidi waliokuja na malalamiko yao historia nzima ya umoja wa Afrika. Kanisani ndiko alikoharibikiwa zaidi. Makanisa yetu yana desturi hiyo: wageni husimamishwa, hujitaja, husalimia kwa jina la Bwana, kisha huketi. Mtu mwenye akili zake husema jina na anakotoka, ikawa imekwisha. Yeye alikuwa akizunguka makanisa ya Husby na Rinkeby, Jumapili hii na Jumapili ile, ili kila mahali awe mgeni.

Uenyekiti wenyewe aliupata siku ya theluji kubwa, wengi wetu tulipokwama nyumbani na mabasi hayatembei. Waliofika walikuwa wachache na walikuwa na baridi, wakataka jambo liishe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitisha uchaguzi mwingine, kwa sababu mwenye kuitisha uchaguzi ni mwenyekiti.

Alikuwa na mkoba wa ngozi wa kahawia, wenye kufuli ya shaba, aliokwenda nao hata dukani kununua maziwa. Ndani hamkuwa na kitu. Najua, kwa sababu aliniambia nimshikie alipokwenda msalani, nami sina aibu ya kufungua. Kazi yake ni kusafisha mabasi kwenye gereji, kazi ya halali kama yangu ya kuwaogesha wazee majumbani mwao, lakini ukimwuliza atakwambia, "Mimi niko kwa transport," kisha atabadilisha mazungumzo. Watoto wake wawili, watu wazima sasa, humjibu kwa Kiswidi, tena kwa neno moja. Akiwahutubia nusu saa kwenye simu, wao husema "okej" na kukata.

Kwenye chakula sitaki hata kuanza. Nitasema hili tu, kwamba alikuwa mtu wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka, na paja la kuku lililo kubwa kuliko yote lilimfuata lenyewe kwenye sahani. Hapo hapo, mdomo umejaa, atawasema Wahindi. "Hao watu nawajua mimi," alikuwa akisema. "Tumekaa nao Uganda. Ukiwapa mgongo wamekuuzia kivuli chako." Na mkono uko kwenye sambusa, na pembeni kuna chapati mbili na chai ya tangawizi na iliki. Nilimwuliza mara moja kama anajua sambusa na chapati hizo zilifikaje Uganda. Akaniambia, "Nnyabo," yaani bibi kwa Kiganda, "wewe pika tu."

Lakini nisimkate kote. Ukiugua, atakuja. Nilipoteleza kwenye barafu nikavunjika kifundo cha mkono, marafiki zangu wa kufa na kuzikana walinitumia picha za maua kwenye simu. Yeye alikuja hospitalini kwa treni na basi, na koti na mkoba, ameniletea zabibu. Alikaa kitandani kwangu akanieleza habari zake mwenyewe mpaka nesi akamtoa, na zabibu alizila zote. Ila alikuja. Wagonjwa wote wa Husby wamechoshwa naye kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyelala hospitali bila kutembelewa.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumba ya Jinja. Alikulia, alisema, katika nyumba yenye veranda ndefu na sakafu nyekundu ya kung'aa, na ua mkubwa nyuma. Baba yake aliipata nyumba hiyo Wahindi walipofukuzwa nchini. Neno lake lilikuwa "tuliikuta tupu", kama mtu anavyosema ameokota mwavuli kwenye basi. Na kila mara alikuwa lazima afike kwenye kile kitu cha uani: nguzo ya saruji, mraba, inafika kifuani kwa mtoto, juu yake kuna shimo lenye udongo na mmea. Hawakujua ni ya nini. Baba yake akaona inafaa kufungia mbuzi. Hapo Mwenyekiti hucheka mpaka machozi, na wengine hucheka kwa sababu anacheka. Baadaye serikali nyingine ikaja, nao wakakimbia nyumba hiyo usiku na nguo walizovaa, lakini sehemu hiyo aliisema haraka haraka na bila kucheka.

Basi, alikuwapo Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mpole, anayefagia ofisi huko Kista. Mama yake mzazi alifariki Bukavu, na yeye hakuwa na pasi ya kusafiria. Karatasi zake zilikuwa bado ziko mezani kwa watu wa uhamiaji. Alizikiwa mama yake kwenye simu, akiangalia jeneza kwenye kioo kidogo, mtandao ukikatika. Kwa hiyo matanga tuliyokuwa tumfanyie Jumamosi hayakuwa matanga tu. Ndiyo mazishi pekee aliyokuwa nayo. Na juma hilo hilo tukanyang'anywa chumba chetu cha chini ya ghorofa, mwenye nyumba alikitaka mwenyewe. Mama Furaha alinijia mlangoni akakaa kwenye kiti cha viatu. "Dada," akasema, "batu bote banauliza ni wapi. Mutanipatia fasi gani ya kulilia mama yangu? Ku parking?"

Katika wazee ninaowahudumia alikuwamo bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Uganda, anayekaa na mwanawe hapo hapo Husby. Wote humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nami pia. Kiswahili chake ni kile cha kuagizia jikoni: leta, weka, ondoa, sukari kidogo. Siku ya kwanza nilikasirika, nikamwambia mimi si yaya wake wa Uganda. Alifikiri, akasema, "Leta chai, tack," na tangu hapo kila amri yake ina "tack", asante ya Kiswidi, mwishoni. Nilimweleza shida ya Mama Furaha. Akasema hekalu lao huko Jordbro lina ukumbi na jiko, na mwanawe yuko kwenye kamati. "Lakini kwanza nyinyi kuja, ona ibada ya jioni," akasema. "Sisi hapana toa nyumba ya Mungu kwa mtu hapana jua."

Nilikusudia twende wawili, mimi na Mama Furaha. Mwenyekiti akapata habari, sijui kwa nani.

"Nnyabo, ujumbe hauwezi kwenda bila mwenyekiti," akaniambia. "Kuna protokali."

"Tunakwenda kukaa na kutazama tu," nikasema. "Hakuna ujumbe. Unavua viatu, unakaa, unanyamaza. Kamati itazungumza nasi baada ya ibada. Na Mama Furaha akikosa ukumbi huu hana kwingine."

"Mimi nimekaa na mabalozi," akasema.

Hekalu lenyewe ni ghala la zamani la matairi, katikati ya duka la vigae na karakana ya malori. Nje ni bati la kijivu. Ndani kumenyunyizwa manukato, kuna zulia jekundu, na mbele pana jukwaa lenye pazia la dhahabu na taa. Mlangoni pana rafu za viatu. Mama Furaha na mimi tukaweka vyetu. Mwenyekiti akaangalia viatu vya watu, akaangalia vyake, akafungua mkoba, akavitia ndani na kufunga kufuli. Kwa mara ya kwanza mkoba ule ukabeba kitu, nacho kikawa viatu, akaingia navyo mbele ya miungu ya watu. Nilimvuta mkono. Akaninong'oneza, "Wahindi nawajua mimi."

Tukakaa nyuma. Ba alikuwa kwenye kiti kwa sababu ya magoti, pembeni ya wanawake. Watu waliimba, mwanamume mmoja akipiga ngoma ndogo kwa vidole, watoto wakipiga makofi na kukosea. Ilikuwa ibada ya watu waliotoka kazini: wengine na sare za kazi, mmoja na fulana ya kung'aa ya barabarani. Kisha masinia ya chakula yakapelekwa mbele, wali, viazi, vitamu vya maziwa. Kuhani akavuta pazia likafungwa. Nyimbo zikakoma, watu wakainamisha vichwa, ukumbi ukawa kimya kabisa.

Mwenyekiti alikuwa amengojea tangu tuingie. Nilimwona. Kila wimbo ulipoisha alivuta koti chini, akitazamia mtu aseme wageni wasimame. Hakuna aliyesema. Sasa pazia limefungwa, watu wametulia, naye kichwani mwake hiyo ilikuwa nafasi kwenye ratiba, tena wenyeji wamesahau adabu. Nilinyoosha mkono nikashika hewa. Alikuwa ameshafika mbele. Akaweka mkoba wa viatu chini ya jukwaa, akalipa pazia mgongo, akakohoa.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema.

Mama Furaha peke yake, kwa mazoea na kwa uchovu wa kulia, akasema "Amina", kisha akaziba mdomo.

"Nitasema mawili matatu tu," akaendelea Mwenyekiti, kwa Kiswahili, kisha akachanganya na Kiingereza. Akajitaja jina na vyeo, hata ambavyo mimi sikuwahi kuvisikia. Akaleta salamu za jumuiya. Akasema sisi na Wahindi ni ndugu wa siku nyingi. "Kwa mfano Uganda," akasema, "tuliishi pamoja vizuri sana."

Nilitamani zulia lile linimeze. Watu walikuwa wakitazamana. Vijana hawakuelewa neno, ila wazee wachache walielewa, na nyuso zao zikawa zimefungwa kama pazia. Nilimtazama Mama Furaha. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, na nikajua naye ameuona ukumbi unamponyoka.

Ndipo Ba akasema, kutoka kwenye kiti chake, bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili kile kile cha jikoni.

"Wewe. Kaa chini. Mungu nakula."

Mwenyekiti akageuka akalitazama pazia.

"Sisi napa Mungu chakula," akasema Ba. "Iko nyuma ya pazia, nakula. Wewe napiga kelele. Chakula napoa. Kaa chini, tack."

Miaka yote ile nimesimama nyuma ya kidirisha changu na mwiko mkononi, nikitafuta maneno hayo. Nilijiinamia ili watu wasinione nikicheka, na nilikuwa nimekasirika wakati huo huo, kwa ajili ya Mama Furaha. Mwenyekiti alisema, "Kwa hayo machache," akakaa pale pale alipokuwa, chini, kando ya mkoba wake.

Pazia likafunguliwa. Kengele zikapigwa, kuhani akazungusha taa mbele ya sanamu zilizovikwa maua, kisha sinia la moto likapitishwa kwa watu. Kila mtu alipitisha viganja juu ya ndimi ndogo za moto na kujipaka ule ujoto usoni na kwenye nywele. Lilipofika kwa Mwenyekiti, alitia mikono mfukoni. Lilipofika kwa Mama Furaha, alinitazama, nikamwambia afanye anavyoona. Akapitisha viganja, akajifunika navyo uso, akakaa hivyo muda mrefu, na kijana mwenye sinia akamngoja.

Ungedhani yamekwisha. Baada ya ibada tulipewa chakula, tukakaa karibu na dirisha. Hapo palikuwa na nguzo ya mbao, mraba, imepakwa chokaa, inafika kifuani kwa mtoto. Juu yake pana udongo na mmea, umewashiwa taa maalumu kwa sababu ya baridi. Mimi nilijua harufu yake kabla sijauona: mrehani. Mwenyekiti alikuwa na sahani ya pili mkononi na uhai ulikuwa umemrudia. Akaiona nguzo, akapaza sauti, "Banange, hii kitu! Hii kitu tulikuwa nayo kwetu Jinja."

Ba alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. "Kwetu wapi?" akauliza.

Nilimkanyaga Mwenyekiti mguu. Hakuna kitu kinachomzuia mtu yule akiisha kuanza hadithi. Akaeleza veranda, akaeleza sakafu nyekundu. Akasema tuliikuta tupu. Akafika kwenye mbuzi, akacheka kama kawaida yake, akatazama huku na huku atafute wa kucheka naye.

Ba hakucheka wala hakukasirika. Aliweka kijiko. "Hii iko mama ya nyumba," akasema. "Asubuhi mwanamke natia maji, jioni naweka taa. Mama yangu siku ya kuondoka, kila mtu nafunga sanduku, yeye natia maji." Kisha akamwuliza, "Wewe nafika ile nyumba, mti ilikuwa mzima bado?"

"Ulikuwa mzima," akasema Mwenyekiti.

"Nani natia maji?"

Mwenyekiti alitazama sahani yake. "Mbuzi aliula," akasema.

Nimemwona akiumbuliwa mara nyingi, na kila mara alimeza aibu akaendelea. Hii haikumezeka. Aliketi na tonge mkononi, halafu akalirudisha sahanini, mtu ambaye sijapata kumwona akirudisha chakula. Nilimwonea haya, na nilimchukia kabisa, kwa sababu alikuwa ameyauza matanga ya watu kwa kicheko.

Mwana wa Ba alisogea na wanakamati wengine wawili, nyuso ngumu. Walizungumza na Ba kwa Kigujarati. Sikuhitaji mkalimani kujua walikuwa wakisema hapana. Ba aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamnyooshea kidole Mama Furaha, aliyekuwa bado na macho mekundu.

"Mama ya huyu nakufa," akasema kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Yeye hapana rudi kwao. Mimi pia mama yangu nazikwa mbali, mimi hapana ona. Jumamosi chukua ukumbi. Nyama hapana. Pombe hapana." Akamgeukia Mwenyekiti. "Na wewe, hotuba hapana."

Matanga yakafanyika. Nilipika maharagwe ya nazi na wali, na wanaume waliokuja wakinuna kwamba hakuna nyama walikula mpaka sufuria likatoa mlio. Wakongo waliimba nyimbo za Bukavu, Mama Furaha akamlilia mama yake kwa jina, kwa sauti, mpaka akaishiwa, jambo ambalo kwenye chumba chetu cha Husby majirani wangeliitia polisi. Mwenyekiti alikuwapo, karibu na mlango. Mara mbili aliinuka akavuta koti chini, na mara mbili akakaa. Chakula kiliwafikia watu kikiwa cha moto. Hakuna aliyeona upungufu wowote.

Baada ya hapo alipungua mikutanoni, na mwishowe tukafanya uchaguzi bila yeye. Sitadanganya, tulipumua.

Februari hii nilikuwa nimekwenda Jordbro kurudisha masufuria, maana sasa ukumbi ule tunautumia sana. Kwenye steji ya treni nikamkuta amesimama na mkoba wake, amezeeka, koti limemzidi. Mkoba ulikuwa umetuna. Nikamwuliza kama anatembea na viatu tena.

Akafungua kidogo. Ndani palikuwa na chungu kimefungwa gazeti, na mche wa mrehani wenye majani machache. "Ba ananipa miche," akasema. "Kila mwaka. Aliniambia nikiweza kuufikisha mmoja Aprili ukiwa mzima, ataniruhusu nisalimie hekaluni. Inakufa, nnyabo. Ule wa kwanza ulikufa kabla ya Krismasi. Huu niliwapa watu wa hapa waushike juma moja chini ya ile taa, sasa naurudisha."

Nilitaka kumcheka. Mtu anajifunza kilimo cha dirishani uzeeni ili tu apate kupiga hotuba. Ningeweza kumwambia pia kwamba anaiua kwa kuiweka juu ya hita, kwa maana namjua. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kwa Ba. Alikuwa hataki tena chai, wala hasemi tena leta wala weka. Kazi yangu hainiruhusu kutoa habari za watu ninaowahudumia.

"Mwenyekiti," nikasema, "Aprili ni mbali. Nenda kamsalimie leo."

Alinitazama usoni. "Lakini mmea haujafika," akasema.

"Nenda nao hivyo hivyo."

Akaelewa. Alifunga mkoba, akauacha wazi kidogo pembeni ili mmea upate hewa, na treni ilipokuja akakaa mkabala nami, mkoba mapajani, mikono miwili juu yake. Tulikwenda vituo kadhaa. "Nitasema nini?" akaniuliza.

Miaka yote niliyomjua, hilo sikuwahi kulisikia kwake. Nikamwambia afikirie.

Akageukia dirisha. "Nitasema mawili matatu," akaanza polepole, akakoma, akaanza tena. La kwanza alilipata kabla hatujafika mjini: samahani kwa ajili ya mti. La pili alilitafuta kwenye treni ya pili, ile ya njia ya bluu, safari nzima, midomo ikicheza, na tulipoteremka Husby alikuwa bado hajalipata. Akaenda na hilo moja.